Kitambaa Bila Matundu ni Gunia

Alikuwa na mikoba miwili, na sikumbuki siku aliyoichanganya. Mmoja, wa ngozi iliyochakaa, ulibeba vitabu vya Gredi ya Tatu, chupa ya chai ya tangawizi na chaki alizoziiba Gredi ya Sita. Wa pili ulibeba nyuzi za rangi mbili tu, nyekundu na nyeupe, na sindano moja ya kufumia ambayo aliichomeka chini ya mtandio wakati wa kusahihisha. Chuo kiliponipeleka shule yake, upande wa Makadara, Nairobi, kufanya mazoezi ya kufundisha, nilipewa yeye awe mwalimu wangu mlezi. Kazi yake ilikuwa kuketi nyuma ya darasa, anitazame nikifundisha, kisha aniambie nilipokosea. Siku ya kwanza alikuja, akaketi, akatoa uzi, akaanza kufuma.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeandika andalio la somo la kurasa nne, nimepiga mistari kwa kalamu ya kijani, nimekata maboksi nikatengeneza saa ya ukutani yenye mishale inayozunguka, na huyu mama anafuma vitambaa vya makochi! Nilifundisha kwa hasira dakika thelathini. Kengele ilipolia alikunja kazi yake, akasema, "Haya, Mwalimu," akatoka. Mimi niligeuka nyuma kuona huyo Mwalimu anayeitwa ni nani. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo.

Jina lake nalijua, ila hata leo nikilitamka naona nimekosa adabu. Shuleni pale walikuwapo walimu wa kike kumi na mmoja, kila mmoja akiitwa Madam Fulani. Yeye alikuwa Madam tu, na kila mtu alijua ni nani anayetajwa, hata wauza mboga wa nje ya geti. Alikozaliwa sikuuliza, na ukoo wake sikuufuatilia. Nilijua Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha Waswahili wa mtaa wa Majengo, na kwamba akikutana na watoto uwanjani alikikunja na kukitia mfukoni.

"Niaje, wangu," angemwambia mtoto wa miaka minane. "Leo umeoga ama umepangusa?"

"Nimepangusa, Madam."

"Angalau husemi uongo. Ingia class."

Nje ya darasa alikuwa msemaji asiye na breki. Aliweza kuanza kisa cha harusi ya binamu yake wakati wa chai ya saa nne, akakatizwa na kengele, akafundisha masomo mawili, kisha akarudi kwenye sahani ya githeri mchana na kuendelea palepale alipoachia, bila kusema "nilikuwa nawaambia." Walimu walikwisha kuzoea. Lakini akivuka kizingiti cha Gredi ya Tatu alikuwa mtu mwingine. Angeuliza jambo moja, akaegemea dirisha, akatazama nje kana kwamba anasubiri mtu wa mkaa. Watoto hamsini na wawili wangebishana wenyewe mpaka jibu litoke. Mimi niliona huo ni uvivu. Nilimwambia hivyo mwenzangu wa chuo, tena kwa sauti.

Hayo ya kwamba nilisema kwa sauti msishangae. Mimi ni mtu wa maneno. Nyumbani, mtaa wa Huruma, mama aliniita Redio tangu sijaanza shule, na majirani wa ghorofa ya tatu waliweza kujua nimefika getini kabla sijapanda ngazi. Nilichagua ualimu kwa sababu niliamini ni kazi ya kulipwa kwa kuongea.

Madam alikuwa na misemo yake, mingine ya maana, mingine ya kujifurahisha. Kuhusu darasa lenye fujo alisema, "Kelele ingekuwa kazi, soko la Muthurwa lingekuwa chuo kikuu." Kuhusu mtoto aliyeulizwa swali akabaki kimya alisema, "Usimkimbilie, hajazama." Alituhubiria kwamba mwalimu hapigi kelele, na Jumatatu gwarideni sauti yake ilisikika hadi Barabara ya Jogoo. Alichelewa mikutano yote ya walimu, kila mara na sababu mpya yenye mgonjwa ndani yake, lakini darasani hakuchelewa hata dakika moja. Alidai makaratasi ya ualimu yalibuniwa na mtu asiyependa watoto, na azimio lake la kazi ndilo lililokuwa safi kuliko yote shuleni, nambari zote zimepangwa, limejaladiwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Nilipomuuliza kuhusu hilo alijibu, "Ukitaka kusema vibaya juu ya kitu, kwanza kifanye vizuri, wasije wakasema una wivu."

Sasa nieleze aibu yangu ya kwanza, maana ziko mbili.

Chuoni tuliagizwa kwamba kila baada ya somo mwalimu aandike tafakari: somo lilikwendaje, nani alielewa, ajirekebishe wapi. Jambo ambalo kila mwanachuo analijua na hakuna anayelisema ni kwamba tafakari zilirithiwa. Waliotutangulia walituachia madaftari yao, nao waliachiwa. Sentensi yenyewe ilikuwa moja: "Somo lilifaulu kwani wanafunzi walishiriki kikamilifu." Mimi niliinakili kila siku, na kwa kuwa napenda kujipanga, Alhamisi moja nikaandika na za Ijumaa kabisa ili nipumzike.

Madam alilichukua daftari mezani pangu mchana huohuo wa Alhamisi. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mwalimu, kumbe somo la kesho limefaulu?"

Nikaanza kupanga chaki.

"Hongera. Basi kesho tulale tu." Akageuza ukurasa. "Na walishiriki kikamilifu. Kina nani? Nitajie watano."

Niliwataja watatu, wale wa dawati la mbele. Wa nne nilimbuni jina. Hakucheka na wala hakunigombeza, alinirudishia daftari na kwenda kunywa chai yake. Nilijua tu amecheka baadaye, kwa sababu nilimsikia kupitia ukuta wa chumba cha walimu, yeye na wenzake.

Ungedhani nilijifunza. Sikujifunza. Wiki mbili baadaye nilipata ujumbe kwamba mkaguzi kutoka chuoni angekuja Jumatano kunitazama nikifundisha. Alama za mkaguzi ndizo zinazoamua: ukianguka mara mbili unarudia muhula mzima wa mazoezi, wenzako wanavaa majoho na wewe unawapigia makofi. Mama alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa ghorofa zote tano waanze kuniita Mwalimu. Niliogopa, na wenzangu wakanipa dawa iliyotumiwa na vizazi vya wanachuo. Somo la Jumatano lifundishe Jumanne.

Basi Jumanne nikafundisha sehemu za mmea. Nilileta mche wa maharagwe wenye mizizi yake, nikagawa majibu kama mgawa peremende. Brayo atasema mizizi, Achieng' shina, Zawadi majani. Tukarudia mara tatu. Nikawaonya kwamba kesho kutakuwa na mgeni na mtu asimwangalie. Madam alikuwa nyuma pale, anafuma, midomo ameifunga.

Jumatano mkaguzi aliingia na faili lake, mtu mpole mwenye tai pana, akaketi kando ya Madam. Nikasalimu darasa. Nikauinua ule mche wa maharagwe. Kabla sijafungua kinywa, Brayo akapaza sauti: "MIZIZI!"

"Shina!" Achieng' akafuata, asije akapitwa.

"Majani, ticha! Na kazi yake ni kutengeneza chakula!"

Majibu yalinijia mfululizo, nami nikayakimbilia kwa maswali kutoka nyuma. Somo la dakika thelathini liliisha dakika ya sita. Nilisimama mbele ya watoto hamsini na wawili wenye furaha isiyo na kifani, jasho likinitiririka mgongoni, nikasema neno pekee lililobaki kichwani: "Kuna swali?"

Zawadi akainua mkono. "Ticha, huyo ndiye mgeni ulisema jana tusimwangalie?"

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Alama zake sitazitaja, zilikuwa chache. Maneno yake yalikuwa mafupi pia: kwamba wanafunzi wanajua, lakini yeye hakuona mwalimu akifundisha. Angerudi baada ya wiki tatu.

Nilimfuata Madam darasani watoto walipotoka. Nilikuwa nalia, na nilitaka alie mtu mwingine pia.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu jana! Mbona hukuniambia?"

Alifungua ule mkoba wa pili, akatandika kitambaa juu ya dawati, akakilainisha kwa kiganja. Kilikuwa chekundu kutoka upindo hadi upindo, na ndani yake mistari myembamba myeupe, michache, imepotea.

"Huyu ni wewe," akasema, "tangu siku ya kwanza. Ukiongea wewe nafuma nyekundu. Wakiongea wao nafuma nyeupe."

Nilikitazama. Wiki zote zile nilidhani hanitazami, kumbe hakuwa na kazi nyingine. Katikati ya ule wekundu paliachwa nafasi ndogo, tundu la kupitisha kidole. "Na hapa?"

"Watu wote wakinyamaza, wanafikiri, naruka. Naacha tundu."

"Kwa hiyo hapa walikuwa wanafikiri."

"Hapo ulikuwa unapiga chafya."

Nililia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo halipendezi usoni. Alinipa ncha ya mtandio wake nijifute. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: "Ukitazama kitambaa kizuri, Mwalimu, uzuri wake uko kwenye matundu. Kitambaa bila matundu ni gunia."

Dawa yake ilikuwa rahisi hata nikaona ananidhihaki. "Uliza swali, kisha kunywa maji." Yaani nibebe chupa, nikishauliza nijaze kinywa, nisiweze kuongea hata nikitaka. Kwa wiki tatu nilikunywa maji mpaka tumbo likalia. Siku za kwanza watoto walishangaa tu. Waliuona ukimya, wakanitazama, wakadhani nimesahau somo. Achieng' alimnong'oneza jirani yake, "Ticha ako na kiu sana siku hizi." Ilinichoma kukaa kimya. Kila sekunde nilisikia kama nafukuzwa kazi. Lakini siku ya nne au ya tano mtoto ambaye jina lake sikulijua alisema jambo, mwingine akambishia, na nyuma nikaona mkono wa Madam ukibadilisha uzi.

Mkaguzi aliporudi somo lilikuwa udongo, na safari hii sikulifundisha kabla. Watoto walileta udongo kutoka kwao, kila mmoja na kifuko chake. Tulikata chupa za plastiki, tukazitoboa chini, tukatia udongo, tukamimina maji tuone upi utapitisha kwanza. Andalio langu lilisema mchanga wa ujenzi utashinda na udongo wa mfinyanzi utashika mkia. Ikawa hivyo, isipokuwa chupa ya Zawadi. Udongo wake, aliouchota nyuma ya fleti zao, haukupitisha hata tone. Maji yalituama juu yake yakinitazama.

"Ticha, mbona hii imekataa?"

Sikujua. Hilo halikuwa kwenye andalio. Nilikuwa na maneno tayari, mimi huwa ninayo, ningeweza kubuni jibu la kisayansi papo hapo na nusu ya darasa wangelinakili. Niliwageuzia lile swali, nikajaza kinywa maji. Darasa likawa kimya. Mkaguzi aliinua kalamu. Karibu naye Madam alikuwa ameinua sindano, hafumi.

"Imekufa hiyo," akasema Brayo mwishowe.

"Haijakufa. Imeshiba," akasema Achieng'.

"Imeshiba nini?"

Zawadi alizamisha vidole kwenye ile chupa akavuta. Kikatoka kipande cha juala la plastiki, la buluu, kimechanikachanika. Akavuta tena, kikatoka kingine, na kingine, mpaka kukawa na kirundo juu ya dawati. Watoto walisimama juu ya viti kuona. Zawadi hakuwa akicheka. Alivitazama vile vipande, akasema polepole, "Ndio maana mvua ikinyesha maji inaingia kwa nyumba yetu."

Hapo kila mtu alikuwa na la kusema, na nikawaacha. Kengele ililia na hakuna aliyeondoka. Mkaguzi mwenyewe alisahau kazi iliyomleta, akamuuliza Zawadi hayo majuala yalifikaje chini, akaelezwa kwa kirefu. Nilipita ukaguzi. Jioni ile niliandika tafakari yangu ya kwanza ya kweli, yenye majina saba ndani yake na jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua asubuhi. Madam aliisoma, akasema, "Umejaribu." Kisha akaenda chumba cha walimu akawasimulia somo lile kwa muda wa saa nzima, na mimi nikiwa palepale sikuweza kutia neno.

Nilifurahi kupita kiasi. Sijawahi kufurahi hivyo tena kazini, na nimekuwa kazini miaka sita sasa.

Yeye alistaafu akahamia Njiru, nyumba ndogo yenye baraza, si mbali na Barabara ya Kangundo. Muhula huu nami nimepewa mwanachuo wa kulea. Ni kijana mwenye bidii, maandalio yake yanapendeza kuliko yangu ya wakati ule. Jumanne iliyopita nilipita dirishani kwake nikasikia darasa zima likikariri majibu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkaguzi wake alikuwa aje kesho yake. Niliduwaa pale dirishani. Nimtie aibu leo, au nimwache aipate kesho kama mimi nilivyoipata, maana ndiyo iliyonifanya mwalimu? Masomo ya siku yalipokwisha nilikwenda Njiru moja kwa moja.

Sebule yake ilikuwa imejaa vitambaa. Alinizungusha kama mtu anayetambulisha ukoo. "Huyu wa kochi kubwa sasa ni naibu wa mwalimu mkuu, Kayole. Huyu aliacha ualimu, anauza simu, ana raha zake. Huyu hakuwahi kunielewa, lakini alifuma vizuri, yaani alinifumisha vizuri." Changu, chekundu kilichokoza, kilikuwa mezani chini ya chupa ya chai. "Hiki nakipenda," akasema. "Chai ikimwagika haionekani."

Tuliketi barazani. Aliongea kwa saa nzima kuhusu jirani na kuku wake huku mikono ikifuma. Mwishowe nikapata upenyo, nikamweleza kuhusu yule kijana. Nikamwambia, "Wewe uliniacha nianguke, na ilinisaidia. Na mimi nimwache?"

Alitua sindano mapajani.

"Mwalimu, ile Jumanne nilikungoja getini."

"Mimi?"

"Nikwambie usifundishe lile somo kesho. Ukatoka na wenzako. Nikakufuata mpaka steji ya matatu. Ulikuwa unawaeleza jinsi utakavyowika mbele ya mkaguzi. Ulisema, ukasema, ukasema. Sikupata pa kuingilia."

Tulicheka mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu.

"Watu huniambia nilinyamaza kwa hekima, na nimewaacha waseme. Haikuwa hekima. Nilikosa nafasi, na nikaona haya kukukatiza mbele ya wenzako. Nilienda nyumbani nimejikasirikia. Ulipolia siku ile, kile kitambaa nilikitoa kwa sababu sikuwa na la kukujibu."

Nilihisi kumpenda kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilimwambia hivyo. Alipunga mkono kana kwamba anafukuza inzi, akaniongezea chai.

Niliteremka uani na kikombe mkononi, nikampigia kijana simu.

"Sasa, Madam," akaitika, mchangamfu. "Niko sawa kabisa kwa ile ya kesho."

"Mwalimu," nikamwita. Nilimsikia akisita, labda alitazama nyuma. "Kesho watoto watasema nini ambacho hukuwaambia leo?"

Upande wa pili kukawa kimya. Nilikuwa na sentensi kumi tayari ulimini, za kumtuliza, za kumwonya, za kumpa somo jingine lililo kamili. Nikageuka. Kule barazani Madam alikuwa ameinua sindano, hafumi, kidole midomoni. Nikajaza kinywa chai iliyokuwa imekwisha kupoa, nikamngoja kijana.